Usingoje Wembe Uanze Kuvuta

Wajukuu zangu,

Swali mnalonijia nalo siku hizi ni moja: wembe wa kukunja, ule unaojificha ndani ya mpini wake, unolewe kila baada ya muda gani? Nitajibu kwanza, sababu zitafuata. Kwenye ukanda wa ngozi, kila mara kabla hujanyoa, pasipo kuruka. Kwenye jiwe laini, pale makali yanapoanza kupungua; kwa mtu anayenyoa ndevu zake mwenyewe mara tatu kwa wiki, hiyo ni miezi miwili hadi mitatu, na aliye mwangalifu hufika hata sita. Kwenye jiwe la kukwaruza, karibu kamwe, labda wembe uwe umeanguka sakafuni ukaingia pengo.

Anayelishika hilo la kwanza, la pili humjia kwa nadra na la tatu huenda asilione maishani mwake. Anayelidharau la kwanza atashinda kwenye jiwe, na jiwe litaumaliza wembe wake kabla yeye hajaota mvi.

Miaka mingi hapa Mbebe, wilayani Ileje, hakuna kijana aliyeniuliza habari hizi. Wembe wa kutumia na kutupa ulikuwa umeshatawala. Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, jeshi la Marekani likawagawia askari wake, na tangu hapo dunia ikazoea kile kipande chembamba cha kwenye karatasi. Duka lolote kijijini linacho. Kwa nini basi mtu ahangaike na ukanda na jiwe?

Naona mambo mawili yameurudisha wembe wa kukunja mikononi mwenu. La kwanza ni simu: mnatazama vinyozi wa Uturuki wakipaka povu na kuteremsha wembe shingoni mwa mteja, nanyi mnatamani. La pili ni masanduku ya babu zenu. Wanaume wengi wa Ileje na Rungwe walikwenda migodini, wengine kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wengine kwenye dhahabu ya Afrika Kusini kupitia waajiri tuliowaita WENELA. Safari zile za Afrika Kusini zilikoma Tanganyika ilipojipatia uhuru wake. Waliorudi walirudi na masanduku ya bati, mablanketi, makoti mazito, na baadhi yao wembe mmoja uliofungwa kwenye kitambaa. Sasa wazee wanaondoka, masanduku yanafunguliwa baada ya msiba, na mjukuu anakuta chuma chenye maandishi madogo karibu na mpini: Solingen, au Sheffield. Miji hiyo miwili, wa kwanza Ujerumani na wa pili Uingereza, ndiyo iliyolisha dunia nyembe nzuri kwa vizazi vingi.

Ukiukuta wembe wa namna hiyo, nakusihi jambo moja kabla ya mengine yote: usiupeleke kwa fundi mwenye grenda. Jiwe la umeme linapasha moto makali membamba kwa muda mfupi kuliko unavyohitaji kutamka jina lako. Chuma kinageuka rangi, kahawia kwanza kisha bluu, na palipogeuka bluu ugumu umekwisha. Hapo hata ukinoa mchana kutwa, makali hayakai. Cheche za nusu dakika zinaharibu kazi ambayo fundi wa Solingen aliifanya kwa uangalifu mkubwa, na hakuna wa kuirudisha.

Kuna mazoea mengine tuliyoyarithi ambayo nayo yanaumiza wembe huu. Kabla ya chuma cha kuletwa, watu wa nchi yetu walikuwa na chuma chao. Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuru za udongo, na jirani zao Wafipa vivyo hivyo. Wahunzi wakafua majembe, mikuki, visu, na nyembe pia. Chuma kile kilikuwa laini kuliko cha viwandani. Wembe wake ulichoka upesi, kwa hiyo mzee alikuwa na jiwe lake la mtoni, akaupitisha juu yake kila anapotaka kunyoa. Kwa chuma kile, alifanya sawa kabisa. Ila tabia ilibaki hata chuma kilipobadilika. Nimeona wembe wa Sheffield ulionolewa kwenye jiwe la mto kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, mpaka tumbo lake likaliwa na ukabaki mgongo na ukingo mwembamba. Chuma kigumu kinachakaa polepole, na kinataka kuguswa kidogo.

Sasa sikilizeni kinachotokea kwenye makali, kwa sababu mkikielewa hicho hamtahitaji kalenda. Makali ya wembe ni membamba mno kiasi kwamba yananyumbuka. Unyoapo, kila unywele unayasukuma kidogo, na baada ya kunyoa uso mzima yanakuwa yamelala upande, kama mpunga uliopigwa na upepo. Chuma hakijapotea, kimelala tu. Kukiweka kwenye jiwe kwa ajili ya hilo ni kukata mpunga wote ili upande upya. Ukanda wa ngozi ndio unaoyasimamisha, na hauchukui chuma chochote cha maana.

Kama hukuyasimamisha ukanyoa tena juu ya makali yaliyolala, hapo ndipo uharibifu wenyewe unapoanza. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu namna unywele unavyoweza kuharibu wembe, ilhali unywele ni laini kuliko chuma kile mara 50 hivi. Walinyoa wakitazama makali kwa hadubini, wakaona kwamba chuma hakichakai tu taratibu, bali kinavunjika vijipande vidogo sana. Vijipande hivyo vinang'oka pale unywele unapopinda na kuyasukuma makali kwa ubavu, hasa mahali ambapo chuma hakiko sawasawa au tayari pana dosari. Maana yake kwetu ni hii: dosari ndogo huita kubwa. Makali yaliyo laini na yaliyosimama wima yanapita salama, na yaliyokwisha kukwaruzwa yanazidi kuvunjika kila asubuhi. Ndiyo sababu nasema ukanda usirukwe hata siku unapokuwa na haraka.

Njoo nikuonyeshe ukanda. Unataka ngozi halisi ya ng'ombe, upana wa vidole vitatu au vinne, urefu wa mkono mzima. Mkanda wa zamani wa suruali unafaa kama ni ngozi kweli. Mingi inayouzwa sokoni ni plastiki iliyochapwa sura ya ngozi, na plastiki haifanyi kazi hii. Geuza nyuma utazame: ngozi ina nyuzinyuzi kama manyoya mafupi, plastiki ina kitambaa kilichogundishwa. Tafuta pia kipande cha kitambaa kizito cha pamba. Paja la suruali ya jinzi iliyochakaa linatosha. Vyote viwili vifunge kwenye msumari wa mwimo wa mlango, ncha nyingine uishike kwa mkono wa kushoto na uivute mpaka inyooke kabisa. Ukanda uliolegea unabonyea chini ya wembe, na kila unapobonyea unayaviringisha makali badala ya kuyasimamisha.

Laza wembe ubavu, mgongo na makali vyote viguse. Sasa uvute mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho usiunyanyue: uviringishe juu ya mgongo wake, kama unavyofungua ukurasa, ubavu wa pili ulale, kisha urudi. Ukiuviringisha kwa upande wa makali utakata ukanda, na wembe utakuwa butu papo hapo. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Anza na kitambaa, kwenda na kurudi mara 20, kisha ngozi mara 40. Mwanzoni nenda polepole sana, kwani haraka ya vinyozi wa kwenye simu ni ya watu waliofanya hivyo nusu ya maisha yao. Sikiliza sauti. Ikiwa ni ileile kwenda na kurudi, mkono wako umetulia. Ikiwa upande mmoja unakwaruza, umeinua mgongo bila kujua.

Ukanda nao una matunzo yake, ingawa si mengi. Usugue kwa kiganja kikavu na safi kila mara kabla ya kazi. Mafuta ya ngozi yako yanautosha. Usiupake mafuta ya kula, yataoza na kunasa vumbi, na vumbi ni mchanga mbele ya makali.

Habari ya jiwe. Wembe unaotaka jiwe huwa unatangaza mapema, na kijana mwerevu husikia tangazo la kwanza. Shavu ulilolipitia mara moja linataka mara ya pili. Maji unayonawia mwisho yanawasha kidogo pale ambapo jana hayakuwasha. Hapo wembe bado haujaanza kuvuta. Ukifika siku ya kuvuta, yaani unahisi ndevu zinang'olewa badala ya kukatwa, umechelewa kwa wiki kadhaa, na sehemu ya gharama imeshalipwa na ngozi yako.

Macho pia yanasaidia. Asubuhi jua likiwa limeingia dirishani, shika wembe makali yakikutazama, uuzungushe taratibu kwenye mwanga. Makali mazuri hayaonekani. Unaona mbavu mbili zinakutana na katikati hakuna kitu. Makali yaliyochoka yanakuonyesha mstari mweupe, mwembamba kama utando wa buibui, kwa sababu sasa yana upana wa kurudisha mwanga. Na ukiona nukta moja inang'aa peke yake, hilo ni pengo. Jaribio hili halidanganyi, na ni salama kuliko kupapasa makali kwa kidole gumba.

Jiwe lenyewe lisiwe kinoo cha mapanga. Vile vinoo vyeusi vyenye pande mbili vinavyouzwa gulioni ni vizuri kwa panga na kisu cha jikoni, lakini kwa wembe ni msumeno. Mawe ya wembe yana namba, na namba ikiwa kubwa jiwe ni laini zaidi. La 1000 ni la kuondoa pengo, la 4000 au 5000 linafuta mikwaruzo ya lile la kwanza, la 8000 na la 12000 ndiyo ya kumalizia. Kwa kazi ya kawaida ya kila miezi michache, jiwe moja la 8000 au zaidi linakutosha. Wako mafundi duniani wanaotumia mawe ya kuchimbwa, kama yale ya manjano ya milima ya Ardennes kule Ubelgiji, nayo ni mazuri mno, ila bei yake si ya kijana anayeanza maisha.

Lilowanishe. Laza wembe ubavu, mgongo ukigusa jiwe wakati wote. Unene wa mgongo ndio unaoamua mwinamo wa makali, fundi aliyeutengeneza alishakupimia. Safari hii makali ndiyo yanayotangulia, kinyume cha kwenye ukanda. Kwenda na kurudi mara 10 hadi 15, mkono mwepesi, uishie hapo. Ukishafuta maji, nenda kwenye kitambaa na ngozi. Kama baada ya hapo bado unavuta, rudia mara 10 nyingine. Usikimbilie jiwe la kukwaruza kwa hasira. Kila unapoteremka namba unatoa chuma ambacho hakirudi.

Wasio na jiwe wasikate tamaa. Mafundi wanaopaka rangi magari wana msasa wa maji wa namba 2000, 3000, hata 5000. Lowanisha karatasi, ilaze juu ya kioo kinene kilichonyooka, na upitishe wembe mgongo ukitangulia ili usichane karatasi. Hailingani na jiwe zuri, lakini itamfikisha mtu pahali ambapo ukanda unaweza kumalizia. Na mwenye jiwe aliangalie lisibonyee katikati: msasa huohuo wa maji, wa namba ndogo kidogo, juu ya kioo kilekile, ndio wa kulisawazisha jiwe.

Mtaniuliza: kwa nini nafanya jambo hili kubwa hivi? Kwa sababu ya ngozi zenu. Ndevu zetu nyingi zimejikunja. Unywele uliojikunja ukikatwa chini mno, ncha yake inageuka na kuchoma ngozi kutoka ndani au inarudi kuingia pembeni, na ngozi inauchukulia kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyoota shingoni na chini ya kidevu, vinavyoacha madoa meusi na wakati mwingine makovu magumu. Wembe butu unavizidisha kwa njia mbili. Unamlazimisha mtu kupita palepale mara tatu, nne; na unamfanya akandamize na kuvuta ngozi kwa nguvu, unywele ukatwe ukiwa umevutwa, kisha uzame chini ukiachiwa. Wembe mkali unapita mara moja, kufuata uelekeo wa ndevu, na unaacha shina fupi juu ya ngozi. Usitafute ulaini wa kitoto. Mwanaume mwenye vipele atosheke na usafi, na ambaye vipele vyake vinatunga usaha aache kunyoa kwa muda na aende zahanati.

Kabla ya wembe, maji ya moto. Kitambaa kilicholoweshwa kiwekwe usoni kwa dakika mbili tatu, kisha sabuni ipakwe kwa brashi mpaka povu lisimame. Ndevu zilizokunywa maji zinakatika kwa urahisi zaidi, ngozi haiumii na makali hayachoki. Anayenyoa kikavu atanoa mara nyingi kuliko mwenzake. Kule kwetu juu, Milima ya Bundali, asubuhi za Juni na Julai maji yanauma vidole. Kaa na subira, chemsha, usianze kazi na maji ya mtungi.

Sasa nizungumze na ninyi mnaotaka kufungua vibanda vya kunyolea, Isongole, Itumba na hasa Tunduma. Hapa sina maneno ya kubembeleza.

Yote niliyoyasema kuhusu ukanda na jiwe ni ya mtu mmoja na wembe wake mmoja. Wembe wa kukunja wa chuma usipite kichwani mwa mteja, hata ukiwa umenolewa na mjuzi wa namna gani. Sababu si chuma, maana chuma kinaweza kuchemshwa. Sababu ni ukanda. Wembe unaokwaruza ngozi unabeba damu kidogo mno, isiyoonekana. Ukiupitisha kwenye ngozi ya ng'ombe, damu hiyo inabaki kwenye vinyweleo vya ukanda, na ngozi ya ng'ombe huwezi kuichemsha wala kuiloweka kwenye dawa bila kuiharibu. Ukiusafisha wembe kisha ukaurudisha kwenye ukanda uleule, umemrudishia mteja wa pili alichoacha wa kwanza. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Vya ukimwi ni dhaifu zaidi nje ya mwili, lakini kwenye kibanda chenye foleni mteja mmoja anainuka na mwingine anakaa hapohapo, muda wa kufa virusi haupo.

Wenye umri wangu tunakumbuka habari hizi zilivyoingia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baada ya hapo redio, walimu na mapadri wakaanza kutuambia tusichangie wembe, na kazi ya kinyozi ikabadilika kabisa: mteja akaanza kuja na wembe wake mfukoni. Ilikuwa busara, na wengi wako hai kwa ajili yake. Isije kizazi kisichoyaona makaburi yale kikarudisha wembe mmoja wa wote kwa sababu unapendeza kwenye video.

Na Tunduma si kijiji. Malori yanapanga foleni kwenda Zambia na Kongo, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde kifunguliwe mwaka 2019 kazi inakwenda kwa utaratibu zaidi, lakini dereva bado anapata muda wa kukaa kwenye kiti chako. Wa asubuhi ametoka Dar es Salaam, wa jioni anatoka Lubumbashi. Hujui afya yake, yeye hajui yako, na si haki ya yeyote kati yenu kumhoji mwenzake. Kinachowalinda wote wawili ni wembe mpya. Nunua mpini unaoingizwa nusu ya wembe wa dukani; una umbo lilelile la wembe wa kukunja, mkono wako utafanya madoido yaleyale. Fungua karatasi mbele ya macho yake. Ukimaliza, toa, weka kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, si jalalani wanakochezea watoto. Bei ya wembe huo iingize kwenye bei ya kunyoa. Mteja mwenye akili atalipa, na asiyetaka kulipa mwache aende.

Mashine ya kunyolea nayo inakwaruza, msijidanganye. Ifute nywele, ipake spiriti, iache ikauke kabla ya kichwa kingine, ama sivyo utagawa punye mtaa mzima. Na wewe kinyozi mwenyewe ukapate chanjo ya homa ya ini B. Vidole vyako vinakatwa kila siku kuliko mashavu ya wateja wako wote.

Kuna ombi lingine litakujia ukiwa nyumbani, na ni gumu kulikataa kwa sababu linatoka kwa ndugu: niazime wembe wako nimchanje mtoto chale, nimkate kucha bibi, nifumue mshono. Kataa kwa heshima. Mpe wembe mpya wa dukani, mpe na pesa ya kununulia mwingine. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, nami nampa, ila nampa wa kwake. Wembe wangu wa kukunja hautoki chumbani mwangu, na asiwepo wa kuona hilo ni uchoyo.

Limebaki moja, nalo kwa nchi yetu ni zito kuliko jiwe: kutu. Nyembe za zamani ni za chuma kisicho na kinga. Milima yetu inapata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, ukungu unaingia ndani ya nyumba, nguo zinakataa kukauka. Wembe uliofungwa ukiwa na tone moja la maji, asubuhi una doa la kahawia, na doa likiwa kwenye makali lenyewe ni pengo. Baada ya kunyoa suuza kwa maji safi, futa kwa kitambaa kikavu kuanzia mgongoni kwenda kwenye makali, futa na ndani ya mpini, pitisha mara chache kwenye kitambaa cha ukanda, uache wazi robo saa kabla hujaufunga. Kama hutautumia kwa wiki nzima, paka tone la mafuta ya cherehani na uuviringishe kwenye kitambaa kikavu. Usiuweke bafuni. Usiusafishe kwa jiki, inakula chuma, spiriti inatosha.

Zamani huko Ulaya wenye uwezo walinunua kasha la nyembe saba, mmoja kwa kila siku ya wiki, na kila mmoja ukapata muda wa kukauka kabisa kabla zamu yake haijarudi. Wewe huhitaji saba. Ukiwa na mbili, mmoja unakauka mwingine unafanya kazi, na kila mmoja utaliona jiwe kwa nadra zaidi.

Ambaye bado ana sanduku la babu chini ya kitanda, alifungue kabla ya mvua za Novemba. Aukunjue ule wembe mwangani, ayatazame makali yake kama nilivyoeleza, aufute, aupake mafuta. Asijaribu kunoa siku hiyo. Kwanza atafute ukanda. Na akikwama, njia ya kuja Mbebe siku hizi ni nyepesi, lami imefika Isongole kutoka Mpemba. Aje nao, tuutazame pamoja.